Konokono wa Chuma

Kibosho, kwa kina babu, maji yalishuka yenyewe.
Waliyachimbia mfongo ubavuni mwa mlima,
wakapeana zamu, mwizi wa zamu akatozwa mbege,
na maji, bila kubembelezwa, yakafuata mteremko.
Maji hayapandi mlima, walisema, na walikuwa sahihi
mpaka umeme ulipofika Chekereni.

Nimekuja na bodaboda, spana mbili, testa,
na impela kuukuu ndani ya mfuko wa rambo.
Mbwambo ananianza kabla sijashuka:
pampu ilikwenda Moshi mjini kusukwa mota,
imerudi juzi, inanguruma kuliko zamani,
lakini maji, tazama mwenyewe,
yanatoka kama mkojo wa mtoto mwenye aibu.
Mpunga una siku kumi na tisa. Tope limeanza kupasuka.
Jirani anasema kisima kimekauka.
Mkewe anasema wamerudishiwa mota ya mtu mwingine.
Mama mkwe hasemi kitu,
anatazama tu upande wa nyumba ya shemeji.

Nazima. Nateremsha kamba yenye jiwe:
mita tano na nusu.
Si mbali. Pampu haivuti, Mbwambo, usidanganywe;
inatupa maji yaliyo katikati yake, inaacha pengo,
na hewa hii juu ya vichwa vyetu, nzito bila sisi kuhisi,
inakikandamiza kisima, inayapandisha maji bombani
kama mtu anayekamua dawa ya meno.
Ikipita mita saba, hewa nayo huchoka.
Kisima hakina kesi.

Nafungua kizibo cha juu. Imejaa mpaka shingoni.
Basi waliinywesha.
Pampu kavu huzungusha upepo tu, na upepo ni mwepesi, hautupiki.
Nderingo, aliyenifundisha kazi kule Pasua, alikuwa akisema:
huyu ni mgeni, mpe maji kwanza
ndipo umuulize habari za safari.

Natoa impela mfukoni, namwonyesha binti yake.
Tazama, Nakijwa. Maji huingilia hapa, kwenye jicho.
Haya mapanga sita yamepinda, siyo?
Yameegemea nyuma, kama yanayoogopa kule yanakokwenda.
Weka tone. Zungusha.
Tone linakimbilia ukingoni, linaruka,
kama wewe ukiachiwa mkono katika mchezo wa kuzungushana.
Linatoka na mbio, lakini mbio tupu haipandi bomba.
Ndiyo maana nyumba yake ni konokono:
nyembamba hapa, pana, pana zaidi, pana mlangoni.
Njia ikipanuka, maji yanapunguza mwendo,
na mwendo uliopungua haupotei. Unageuka kifua.
Kifua hicho ndicho kinachofika shamba la juu.

"Na ikizunguka kinyume?"

Nilikuwa nimeshaikamata spana ya kufungulia beringi.
Naiweka chini.

Nawasha, nazima, nachungulia feni nyuma ya mota
inapomalizia mizunguko yake ya mwisho.
Mshale kwenye gamba, uliopakwa rangi mara tatu,
unaonyesha kulia.
Feni inakwenda kushoto.

Siku mbili konokono anayapiga maji kwa mgongo wa panga,
na bado anatoa kidogo. Hicho ndicho kinachopoteza watu.
Angegoma kabisa, tungejua mapema.

Nyaya tatu: nyekundu, njano, buluu.
Nahamisha mbili, zozote mbili. Dakika nne.
Nawasha.
Bomba linakohoa tope, linaruka, linamlowesha mama mkwe miguu,
naye anacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Elfu thelathini? Kwa nyaya mbili?"
Tunavutana. Ananipa kumi na tano
na ahadi ya debe la mchele akivuna.
Sawa. Ahadi za Chekereni huwa na maji ndani yake, leo angalau.

Nipo njiani ndipo nakumbuka impela yangu.
Nageuka: Nakijwa ameivika kwenye kijiti,
anaimwagia kopo la maji,
anaizungusha kulia, anaizungusha kushoto,
anaangalia wapi analowa zaidi.